Maharusi wa Bi Mwanabibi

Usiku ule mimi na binti yangu Mastura tulikesha tukingoja habari kutoka Mambrui. Kulikuwa na arusi kubwa huko, na mama wa bibi arusi alikuwa amekwenda kwa Bi Mwanabibi kuuliza nani wa kumpaka binti yake hina. Mastura alikwisha kuyatwanga majani, akayachekecha, akayafunika. Kila akisikia nyayo kichochoroni aliinua kichwa. Zote zilipita.

Miaka hiyo ya themanini, hapa Malindi, mtaani kwetu Shela, mwenye arusi hakuuliza watu wengi. Alimuuliza Bi Mwanabibi, somo aliyewafunda maharusi karibu wote, naye akajibu, "Nenda kwa Mastura." Basi. Binti yangu alikuwa amerudi kwangu baada ya kuachwa, hana mtoto, na kazi hiyo ndiyo iliyomkausha machozi. Nyumba ilijaa wasichana, udi na vicheko.

Lakini mimi nilikuwa nikitazama. Bibi arusi akishatoka kwetu, ndiyo ametoka. Akizaa, Mastura haendi kumpongeza. Akifiwa, haendi matangani. Nilimwambia mara nyingi, "Mwanangu, vaa buibui twende tukawape pole wenzetu."

"Mama nawe! Watu wanakuja wenyewe. Niwafuate majumbani, kwani mimi mposaji?"

Kulipokucha bila habari, nilikwenda mwenyewe kwa Bi Mwanabibi.

"Shikamoo, Bi Mwanabibi."

"Marahaba. Karibu, mama Mastura. Mbona macho mekundu?"

Nikamuuliza juu ya Mambrui. Akaniambia, bila kuficha, kwamba amekwenda Shekha, mpwa wake aliyetoka Lamu, mjuzi wa hina na piko, ile rangi nyeusi.

"Na Mastura?"

"Simchukii Mastura. Nikiulizwa, namtaja."

"Unamtaja wa ngapi?"

Akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Wewe nawe! Wenye arusi wana haraka. Nikishamtaja wa kwanza, nani atasimama kumsikiliza wa pili?"

Nikaaga. Mpwa wake ni damu yake.

Msimu ule wote hakuna aliyepiga hodi kwetu. Ngoma zilisikika mitaa ya pili, na binti yangu alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mikono mapajani. Akaanza kupika kidogo, kisha akawa hasemi mpaka asemeshwe. Nilikuwa nikiamka kumsikiliza kama anapumua. Waliompigia vigelegele chumbani mwetu sasa walimpita njiani, na yeye hakuwajua majina. Niliogopa, kwa sababu mimi si wa kuishi milele, na nikiondoka atabaki na nani?

Alasiri moja akasema, "Mama, nasikia wifi wa Mwanakombo, yule niliyempaka hina, anaolewa. Mwanakombo anakaa wapi?"

Nilipajua. Nilikaa pale matanga ya mama yake, peke yangu.

Tukaenda. Mastura akapiga hodi. Ndani sauti zikanyamaza.

"Nani?"

"Mastura."

"Mastura gani?"

Binti yangu akanitazama. Nilijua jina lililomjia ulimini, lile la Bi Mwanabibi, lililomfungulia kila mlango. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka alitaje. Akalimeza.

"Mimi niliyekupaka hina ya arusi yako. Ulilia, ikaharibika mkono wa kushoto, nikairudia. Nasikia mama yako alifariki. Sikuja. Nimekuja leo."

Tukasikia minong'ono, kisha miguu ikija polepole, ikasimama nyuma ya mlango. Mtu alikuwa pale, anapumua. Mastura hakupiga hodi tena.

Komeo likavutwa. Mwanakombo alinitazama mimi kwanza, akaniamkia, kisha akamtazama yeye.

"Mama ana mwaka kaburini sasa," akasema.

"Mungu amrehemu," Mastura akamjibu.

Mwanakombo hakusema karibu. Alisogea kando, upana wa mtu mmoja, na Mastura akavua viatu akaingia.