Kwale Walipopanda Mlima

Lori likimwaga kokoto pale wanapojenga, nyuma ya nyumba tunayokaa sasa Nizwa, mie huacha ninachofanya nikashika ukuta. Watu hunicheka. Nyinyi nitawaeleza, labda mtanielewa.

Ami Seifu, mdogo wake baba, alikulia Tabora, na Tabora haikumtoka. Miaka ya tisini mwishoni tulikuwa tunakaa Samad, huku huku kwenye milima mikavu, na kila baridi ikiingia alikuwa anatoa bunduki yake ya marisau, anaifuta kwa fulana kuukuu mpaka sebule nzima inanuka mafuta. Mama alimchokoza, "Shemeji, huko kwenu mlikula ndege tu, hamkuwa na ng'ombe?"

"Ng'ombe anafungwa kamba, shemeji. Kwale analiwa kwa akili."

Akili yenyewe ilikuwa kuisoma hali ya hewa, na alinifundisha mie kwa kuwa wanawe walikuwa bado wachanga. Upepo ukivuma usihangaike, alisema. Kwale hasikii adui akija, basi hujibana katikati ya mawe, kimya. Joto likizidi mtafute alfajiri kwenye maji. Lakini siku nzuri kuliko zote ni ile inayofuata mvua. Vichaka vimerowa, manyoya yamerowa, na kwale hutoka mahali peupe kujianika kama nguo.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku. Asubuhi mbingu ilikuwa buluu, ila kule mbali milimani kulikuwa bado kumeziba kwa mawingu. Ami aliacha pikapu juu ukingoni, tukateremka wadini. Msioijua wadi, ni bonde la changarawe, kavu karibu mwaka mzima, watoto huchezea mpira.

Na kweli, walikuwepo. Kundi zima limejitandaza juani, mmoja amekunjua bawa kama mtu anayetandika mkeka. Nilikuwa najiwazia mie pia nina mabawa, pua ikaniwasha. Nikapiga chafya.

Wakaondoka wote. Hawakuruka, walikimbia, kupanda mlima, hata nyuma hawakuangalia.

"Alaa! Umenifukuzia!" Ami alinong'ona kwa hasira nisiyowahi kuiona. "Panda juu, nenda garini. Yallah, panda! Mie nitawangoja. Jua kama hili hawaliachi."

Nilipanda huku nalia. Nilikuwa nimeshika mlango wa gari niliposikia kama lori linamwaga kokoto, na halimalizi. Nikageuka. Maji yalikuja na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mtende mzima na mizizi yake. Ami alisimama, akaangalia maji, akaanza kukimbia. Baadaye kidogo niliiona kofia yake ikielea. Yeye sikumwona tena.

Walimpata kesho yake, mbali sana.

Msibani nilijificha nyuma ya mlango, nikingoja mtu aniulize nani aliyewafukuza wale kwale. Hakuna aliyeuliza. Mke wa ami alinivuta akanilaza mapajani pake pamoja na mwanawe, nami sikuthubutu kumwangalia usoni. Miaka mingi nilibana chafya mpaka macho yakataka kunitoka. Niliamini bila chafya ile kwale wangebaki, Ami angefyatua mara moja, tungerudi nyumbani kula.

Nilishaolewa ndipo nilipomwambia mama. Akaniuliza, "Walikimbilia wapi?"

"Juu."

"Wote?"

"Wote."

"Mwanangu, chafya huwatawanya, huyu huku, yule kule. Wale walishayasikia maji."

Nililia siku ile kuliko siku ya msiba. Ami alijua mvua ya Tabora, inayonyesha pale pale unapoiona. Kuhusu kwale hakukosea hata kimoja. Mvua ya huku hunyesha mlimani, ikakufuata wewe uliyekaa juani. Angewafuata ndege wake angekuwa hai. Na asingenikasirikia, ningekaa naye pale chini.

Wanawe sasa wana ndevu. Huniuliza baba yao alisema nini mwisho. Huwaambia kweli tupu: aliniambia nipande.