Mwaitu, Umemeza?

Nikisimulia hii naonekana mjinga, na sina mtu wa kusingizia.

Mimi niko Mwingi, napakia mbuzi kwa lori. Mama, au mwaitu kwa Kikamba chetu, yuko nyumbani Zombe, na ana ugonjwa wa sukari. Sisi watoto tuligawana kazi. Dada ananunua dawa, kaka aliweka tangi la maji, na mimi, kwa vile mfuko wangu hauna kitu, nikapewa kupiga simu. Kila asubuhi saa moja.

"Mwaitu, umemeza?"

"Nimemeza."

"Haya, mgonjwa wangu. Kaa salama."

Nakata. Kazi kwisha. Pale soko ya mbuzi wenzangu wakaanza kuniita daktari, na mimi nikaanza kuitika.

Sasa mvua ikakataa. Akina mama wa kanisa letu wakapanga kufunga Jumatano, wakae njaa mpaka jioni wakiombea mvua. Mama akafunga nao, mimi huku sina habari. Asubuhi hiyo nikapiga kama kawaida, na yeye akameza dawa na tumbo tupu, juu mimi nilimkataza kuruka hata siku moja.

Saa nane simu yake ikanipigia, lakini sauti ni ya jirani yetu, yule mama Mwislamu mwenye duka.

"Mama yako ameanguka hapa akitoka kanisani. Jasho linamtoka, anatetemeka, anaongea vitu hazieleweki."

Mbuzi nilikuwa nimeshika ikaniponyoka, ikakimbia ikilia. "Usimpe kitu tamu," nikamwambia. "Ako na sukari."

"Mara ya mwisho amekula saa ngapi?"

Kumeza najua. Kula sijui.

"Basi wewe fuata mbuzi yako," akasema. "Mimi nishampa soda."

Nilifika jioni. Mama alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji, nesi wa zahanati ako kando. Nesi akasema sukari ilikuwa imeshuka vibaya sana, na ile soda ndiyo ilimrudisha. Yaani jirani angenisikiza mimi, saa hii tungekuwa tunachimba kaburi.

Nikaenda dukani kumshukuru. Akaendelea kupanga mikate.

"Sisi mambo ya kufunga tunayajua," akasema. "Jana nilimwambia mama yako, mtu wa sukari hafungi hivyo tu. Akanijibu, 'Kijana wangu hunipigia kila asubuhi. Kama kuna shida, angesema.'"