Dawa nyekundu ya Nsimire, na kikombe changu cha mubirizi

Bakubwa wa jukwaa, hodi. Mi ni mama mzee wa Dzaleka, kambi ya bakimbizi huku Malawi. Shule nilisoma kidogo, lakini jina la muntu sisahau. Haya niliyaona na macho yangu.

2014 binti yangu Nsimire alipata cancer ya titi. Tukawa tunaenda Lilongwe, hospitali, banamutia chimio, ile dawa kali ya cancer, kwa mushipa. Dawa nyekundu kama maji ya betterave, ile kiazi nyekundu.

Siku ileile mukojo wake ulitoka mwekundu. Nikafurahi, nikasema sumu yote inatoka.

Kwetu Bukavu, muntu akipewa dawa kali tunamusafisha damu na mubirizi, yale majani machungu. Nikanunua kwa Mama Zawadi, soko ya Tsoka. Kila asubuhi kikombe.

"Mama, hii ni mubaya kuliko chimio."

"Kunywa. Ni mi nilikuzaa."

Kufika dose ya tatu, macho yake ni ya manjano. Sista Chisomo, muuguzi wa chimio, akaangalia karatasi ya damu. "Leo hatumupi dawa."

Nikalia. Uvimbe ulikuwa umeanza kupungua. Tukikosa, si utarudi?

"Agogo," sista akaniita, ni kusema bibi kwa lugha yao, "munamupa nini nyumbani?"

Nsimire akacheka. "Sema, Mama. Sema kikombe."

Nikasema.

Sista hakunigombeza. Alisema ule mukojo ni sehemu kidogo tu. Dawa nyingi inaingia kwa ini. Ini inaikamata kutoka kwa damu, inaikusanya, inaivunja-vunja, inaisukuma ndani ya nyongo, nyongo inashuka kwa matumbo, njo inatoka na choo. Ini ikichoka, dawa inabaki mwilini, na dose ingine inaweza kumuua. "Sijui kama ni majani ndiyo ilifanya. Lakini acheni."

Bakubwa, nimepika maini miaka yote, sikujua. Nilikuwa najifanya musafishaji, kumbe musafishaji alikuwa ndani, anafanya kazi bila kuambiwa.

Mubirizi nikatupa. Tukangoja wiki tatu, kila asubuhi namuvuta Nsimire mulangoni niangalie macho kwenye mwangaza. Yakarudi meupe. Wakaanza na nusu dose.

Matone mekundu yakishuka, nikaweka mukono chini ya mbavu zake, upande wa kuume, kwenye ini iko.

"Mama, unatafuta nini?"

"Naisalimia."

Leo Nsimire anashona nguo kule Mchesi, mutaa wa Lilongwe, ni yeye alininunulia hii simu.

Mwenye iko na mugonjwa wa chimio: kila kitu unamupa, hata majani, ambia sista mbele. Na nyinyi, kwenu munapikia bagonjwa nini? Andikeni, nitasoma yote, polepole.