Dispacha Bila Ndege

Restuta alisomea kazi ambayo nyumbani kwao Busi hakuna aliyeweza kuieleza bila kukosea. Baba yake aliwaambia watu kwamba binti yake ni rubani. Mama yake, aliyejiona mkweli zaidi, alisema anagawa soda ndani ya ndege. Restuta alishachoka kuwasahihisha. Dispacha hapandi ndege. Anakaa chini, anasoma hali ya hewa, anapiga hesabu za mafuta na uzito, kisha anatia saini pamoja na rubani. Asipotia saini yeye, ndege haiondoki. Nenda kaeleze hayo kwenye sherehe ya kipaimara uone kama kuna atakayeacha pilau akusikilize.

Cheti alikuwa nacho. Ndege ndiyo hakuwa nayo. Alikuwa ameomba kazi kila alikosikia kuna kampuni yenye mabawa, na majibu, pale yalipokuja, yalikuwa yale yale: tunahitaji mwenye uzoefu. Huo uzoefu sijui watu huutoa wapi. Kama unauzwa soko la Sabasaba, basi Restuta hakuonyeshwa meza yake. Wenzake aliosoma nao Dar es Salaam walianza kupata kazi mmoja mmoja, wakatuma kwenye kundi lao la WhatsApp picha wamevaa vizibao vya njano, ndege nyuma yao. Aliwapongeza wote. Halafu akalinyamazisha lile kundi, maana kupongeza nako kunachosha.

Riziki yake ilikuwa Dodoma mjini, dukani kwa Shantaben, mjane wa Kihindi aliyeuza vitambaa na aliyempangisha chumba cha uani. Ndege zikishuka uwanjani zilipita karibu, na Restuta, mkasi mkononi, alisikiliza injini akajua upepo umegeukia upande gani. Wateja hawakutaka habari za upepo, walitaka punguzo. Kuujua upepo kwa sikio lilikuwa jambo dogo lenye raha yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko hata kukosa kazi.

"Restuta, ndege bado?" Shantaben alimtania kila asubuhi.

"Bado, mama. Iko njiani."

Mwezi wa Oktoba akaitwa kwenye usaili na kampuni ndogo ya ndege za kukodi. Walitaka dispacha mmoja, na safari hii neno uzoefu halikutajwa. Shantaben alimkatia kitambaa cha bluu cha sketi, akampa ruhusa, akamwambia asirudi na sura ya kilio.

Ofisini alimkuta mwanamke wa utawala aliyekuwa akiandika, na Kapteni Elisante, rubani mzee mwenye mvi. Restuta alipiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Keti."

Akampa safari ya kubuni aipange: saa nane mchana, jua la Oktoba, ndege imejaa. Restuta akapiga hesabu. Dodoma iko juu, na joto likizidi hewa inakuwa nyepesi, ndege inainuka kwa shida. Jibu likaja wazi: abiria wawili washuke, au wote wangoje jua lipoe. Tangu amalize chuo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu anachokijua, na pale kitini alijisikia furaha hata akaona aibu.

Kapteni akaisoma ile karatasi, akavua miwani.

"Binti yangu, mimi naruka kwenye uwanja huu tangu hujazaliwa. Hao wawili ni wazee, wanawahi msiba. Siwezi kuwashusha. Tunaondoka wote. Tia saini."

Restuta alimtazama. Alikuwa na umri wa baba yake, na sauti ya baba yake, ile inayosema jambo mara moja tu. Kwao mtoto habishani na mtu wa namna hiyo. Hata akipewa kikombe chenye ufa, anakipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

"Sawa, baba," alisema, akatia saini.

Mwanamke wa utawala aliacha kuandika.

"Hesabu zako zilikuwa na kosa?" Kapteni aliuliza.

"Hapana, baba."

"Kwa hiyo ulijua ni hatari."

"Nilijua."

"Na umesaini."

"Wewe ni mkubwa wangu," Restuta alisema.

Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Dispacha tunamlipa ili atuambie hapana," alisema taratibu. "Siku nimechoka, siku nina haraka, siku nimejiona najua kila kitu. Heshima yako ni nzuri, mama, lakini itatuua."

Restuta aliomba apewe safari nyingine aijaribu. Yule mwanamke akamwambia kwa upole kwamba kuna mwenzake anasubiri nje.

Shantaben hakuhitaji kuelezwa. Alimmiminia chai. "Basi kaa na mimi. Kila mtu anavaa nguo. Wanaopanda ndege ni wangapi?" Restuta akacheka kwa ajili yake, kisha akaenda uani kulia.

Jioni baba yake akapiga simu. Restuta alimwambia kwamba hakupata kazi, ila sababu hakuisema. Utamwambiaje baba kwamba umekosa kazi kwa kutii kama alivyokufundisha?

"Basi yameisha," baba alisema. "Nimeongea na mwalimu mkuu wa hapa, anatafuta mtu wa kufundisha hesabu. Nimeshamwambia Jumatatu utakuwepo. Mama yako ameshafagia chumba chako."

Restuta alifumba macho. Alitamani kwenda. Alichoka kula peke yake, alichoka kuzungumza na wateja tu, na kule kungekuwa na mama wa kumuuliza ameamkaje. Ile "sawa, baba" ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Hapana, baba," alisema. "Siji. Nitaomba tena."

Alimsikia mama yake kwa mbali akiuliza, "Anasema atakuja na basi gani?" Kisha simu ikakatika. Restuta hakujua kama ni mtandao au ni baba yake, na aliogopa kupiga kuuliza.