Mkono wa Kushoto Unaokimbia Panga

Nina bucha mtaani Kisugu, na wateja wapya huitazama mikono yangu minene kabla ya kunisalimu. Kwa hiyo kaka yangu aliponipeleka kwenye uwanja wa gofu, baada ya kustaafu jeshini, nilienda kwa majigambo. Mimi mvunja mifupa ya ng'ombe, mpira mdogo vile utanishinda vipi?

Ulinishinda. Kila nilipoupiga ulianza vizuri, kisha ukapinda kulia hadi kwenye majani marefu. Kaka alinieleza kwamba nguvu hutoka kiunoni na mabegani. Kazi ya mikono ni kuzifikisha kwenye mpira bila kuzivuruga, wa kushoto ukinyooka na wa kulia ukifuata. Nilimsikiliza, kisha nikaongeza nguvu ya mkono wa kulia. Mpira ukazidi kupinda.

Alitaka mwenzi wa mashindano ya wawili wawili. Wenzake wa kambini wametawanyika, wengi wamerudi kaskazini, na nyumbani kwake Kasubi anaongea na redio. Hakuniambia hivyo, lakini nilimwona. Tangu utotoni hakuwahi kunihitaji kwa lolote, na sasa nilitaka sana nisimwangushe.

Asubuhi moja alikuja kununua nyama, akasimama akinitazama nikikata mbavu mpaka wateja wakaisha.

"Mukono yako ya kushoto inakimbia panga," akasema.

Ilikuwa kweli. Mkono wa kulia hushusha panga, wa kushoto hushika nyama, na panga likikaribia, kiwiko cha kushoto hukunjika na vidole vikajiondoa. Sikuwahi kuliona jambo hilo, ingawa ndilo lililonilindia vidole vyangu. Uwanjani mkono ulifanya vilevile. Fimbo ilipofika kwenye mpira, kiwiko kilikunjika, uso wa fimbo ukabaki umegeuka nje, na mpira ukaenda zake kulia.

Tukaufundisha kubaki. Kila jioni kaka alinishika kiwiko nikizungusha fimbo polepole, hadi nikaumwa nyuma ya mkono, mahali ambapo sikujua kwamba nina misuli. Mpira ukaanza kunyooka. Kaka alirudi kwenye gari akipiga mluzi, nami nilifurahi kama mtoto.

Wiki ya mashindano, mkono haukukimbia buchani. Panga likachukua ncha ya kidole cha shahada. Nilishonwa hospitalini Mengo, kaka akiwa kando ya kitanda, ameweka mikono mapajani. Nilimwambia atafute mwenzi mwingine, kwamba mkono mmoja siwezi kuufundisha mambo mawili, na wanangu wanakula kwa nyama, si kwa gofu. Niliona aibu kuyasema. Mashindano yakapita nikiuguza kidole.

Kidonda kilipopona alinipitia na gari bila kuniuliza. Uwanjani alinishika mabega, akanigeuza nitazame kushoto kabisa, kwenye miti. Nikamwambia shimo haliko huko.

"Wacha ikimbie," akasema. "Inakimbia kila siku njia moja. Sisi tutapiga hesabu yake."

Nikapiga kama muuza nyama. Kiwiko kikakunjika, mpira ukaelekea mitini, ukapinda, ukaanguka katikati ya uwanja. Kaka alibeba mifuko yote miwili ya fimbo, wake na wangu, akatangulia. Nikamuuliza kwa nyuma kama yule mwenzi mwingine alimpata. Akasema, bila kugeuka, kwamba hakuwahi kumtafuta.