Salamu za Mgeni wa Werugha

Kwa nini mtu aliyefikwa na balaa aanze kwa kuuliza habari za ng'ombe? Swali hilo la utotoni lilinirudia juzi ugenini. Rafiki yangu alikuwa ameanguka, nami nilikuwa nikimwamkia muuza dawa kwa lugha yake kabla ya kumwomba chochote.

Alasiri ile ya utotoni kwa nyanya, kule Werugha kwenye milima ya Taita, ukungu ulikuwa umeshuka na maziwa yalinukia jikoni. Mzungu mmoja alipanda kwa miguu, tope hadi magotini, akamsalimia nyanya kwa Kidawida, lugha yetu Wataita. Aliuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Nyanya naye akamuuliza za kwao, moja baada ya nyingine.

"Huyu ametushinda," shangazi alicheka akininyooshea kidole. "Mjukuu wako wa Voi hajui hata nusu."

Mgeni alikuwa akitetemeka. Nilidhani ni baridi. Salamu zilipokwisha ndipo akasema kwa Kiswahili, "Mama, mke wangu hapumui vizuri. Yuko kwenye gari, kule chini."

Tulikimbia. Tulimkuta ameshakata roho.

Miaka mingi baadaye nyanya aliniambia kwamba aliyaona machozi ya Mzungu yule tangu mwanzo, ila kwake kumkatiza mgeni salamu kulikuwa sawa na kumfukuza.