Fundi Wetu Anasema

Mume wangu ana miaka kumi na tisa kwenye boila ya kiwanda cha sabuni. Valvu ya kutoa mvuke ukizidi hukwama, naye huigonga kwa spana mpaka ifunguke. Ameomba mpya mara nne. Wakubwa wametia pamba masikioni.

Juzi kampuni ikafungua blogu yake, eti tusikie sauti za wafanyakazi. Wakampiga picha mbele ya boila, na ovaroli ya kuazima, wakaitoa na makala yenye jina lake. Mimi na kimbelembele changu nikaituma ile makala kwa ukoo mzima kabla hata ya kuisoma.

Jioni akaisoma yeye, amesimama mlangoni, viatu hajavua.

"Mama watoto, haya maneno si yangu."

Chini ya picha yake waliandika: "Valvu zetu ni nzima. Boila hii ni salama kama jikoni kwangu."

Leo asubuhi alikwenda ofisini kulalamika. Amerudi na barua ya likizo ya lazima, kuanzia leo hii. Anayemshikia nafasi hajui hata pa kugonga.

Nikiwa bado naisoma barua, mdogo wangu wa mwisho akaniandikia: "Dada, kiwandani kwenu nimepata kazi! Chumba changu cha kazi kimepakana na boila. Nilikuwa naogopa, ila nimemsoma shemeji. Naanza kesho."

Nikamjibu haraka: "Usiende. Ile boila ni mbovu."

Akanijibu: "Sasa dada, nimwamini nani, wewe au mumeo?"